Niliyojifunza langoni mwa makao ya mbwa, Malindi

Langoni mwa makao ya mbwa niliyofanyia kazi hapa Malindi kulikuwa na daftari kubwa la jalada gumu. Anayemleta mbwa husimulia, mpokeaji huandika: alikotoka, rangi, dume au jike, umri wa kukisia, halafu safu ya mwisho yenye kichwa "tabia". Nilianza kazi kwa kujaza daftari hilo, na haikunichukua muda kutambua kwamba safu ile ya mwisho iliamua mambo mengi kuliko chanjo na chakula. Mbwa aliyeandikwa "mkali" hupelekwa mabanda ya nyuma, na mabanda ya nyuma hayapitiwi na wageni. Sahani yake husukumwa kwa fimbo chini ya lango. Hatembezwi, kwa kuwa hakuna anayejitolea kumvisha kamba. Baada ya majuma kadhaa bila kuguswa na mkono wa mtu, kila anayesogea hubwekewa, meno nje. Hapo sasa lile neno la daftarini limekuwa kweli, na aliyelisema anauliza, si niliwaambia?

Naandika haya kwa vijana wanaoanza kujitolea kwenye makao kama hayo, na kwa yeyote anayefikiria kumchukua mbwa wa makao akaishi naye. Kazi yenyewe inachosha mwili na inakula pesa, na kuna siku utakwenda nyumbani hutaki kusemeshwa. Lakini kubwa nililolipata humo ni hili: maisha ya mbwa wa makao yanategemea sana kile ambacho watu wamekwisha kukiamini juu yake kabla hawajamtazama. Hata huruma, ikija kabla ya kumtazama, inaweza kumharibia.

Mama mmoja kutoka Maweni alifika kwa tuktuk, jike wa rangi ya mchanga amefungwa kamba ya katani kwenye chuma cha kiti. "Huyu anauma watoto," alisema kabla hajashuka. Nilimwamkia, nikampa kiti kivulini chini ya mwarobaini na maji ya kunywa. "Mama, amemuuma nani?" Akanyamaza kidogo. "Hajamuuma mtu, mwanangu. Alimngurumia mjukuu wangu." Mjukuu alikuwa akifanya nini? "Alitia mkono kwenye boksi la watoto wake." Nilimwinamia yule jike nikamtazama vizuri: matiti yalikuwa yamejaa, mengine yanadondosha maziwa kwenye sakafu ya tuktuk. Watoto wake wachanga walikuwa wamebaki Maweni, ndani ya boksi lile lile. Tulipanda tuktuk ile ile kwenda kuwachukua. Lau ningeandika maneno ya kwanza ya yule mama, jike angeingia banda la nyuma, na watoto wangekufa kwa njaa.

Tangu hapo nikaacha kuandika sifa. Ukipokea mbwa, muulize aliyemleta lini ilitokea, wapi, nani alikuwepo, na nini kilitangulia. Andika hayo kama yalivyosemwa. "Amenguruma mtoto alipogusa watoto wake" ni habari inayomsaidia atakayemlisha kesho. "Mkali" haimsaidii mtu yeyote. Na neno "mpole" nalo ni hatari vilevile, pengine zaidi. Mbwa aliyeganda kwa hofu huonekana mpole: amelala kona, mkia ameubana tumboni, haguswi na kelele, ukimwinua anainuka. Ukimwangalia kwa makini utaona weupe wa jicho unajitokeza pembeni, analamba midomo bila chakula, anapiga miayo wala hana usingizi, na sahani imebaki ilivyo. Huyo akipelekwa kwa familia yenye watoto siku ya pili, siku ya tano mwili unamlegea, hofu inapata nguvu ya kutoka, na anauma. Halafu anarudishwa na sifa mbili, mkali na mnafiki.

Mambo haya yamepimwa na wataalamu kwingine. Mwaka 2016 Lisa Gunter, Clive Wynne na wenzao wa chuo kikuu cha Arizona State, Marekani, walitoa utafiti kuhusu mbwa wa makao walioandikwa kwenye kadi kuwa ni wa aina ya pit bull, mbwa wa kizungu wenye misuli wanaosifika kwa ukali. Waliwalinganisha na mbwa waliofanana nao kabisa kwa sura lakini wakaandikwa aina nyingine. Wenye lile jina walingoja mara tatu zaidi kabla ya kupata mwenyewe. Sisi hapa hatuna shida ya pit bull, mbwa wetu wengi ni koko tu, lakini tuna kadi zetu: mwizi wa kuku, mbwa wa wazungu, mbwa wa makaburini.

Kadi tulizokuja kuandika zilikuwa hivi: "Asubuhi ni mwoga. Ukikaa chini ukampa mgongo, huja mwenyewe kunusa mkono. Hapendi fagio. Kuku hawashughulikii akiwa ameshiba. Akisikia adhana ya alfajiri hupaza sauti." Hilo la mwisho wenzangu wengine walitaka lifichwe, na ninaelewa kwa nini, maana mtaani mbwa anayelia wakati wa adhana husemwa vibaya. Lakini mbwa wengi huitikia sauti ndefu iliyonyooka, iwe adhana, king'ora cha ambulensi au tarumbeta, ndivyo walivyoumbwa. Ukificha, jirani atalalamika siku ya kwanza na mbwa atarudi siku ya pili. Ukisema, utampata mtu anayeishi mbali na spika.

Huko Ganda, kwa wakulima, mbwa anayebweka sana ni mali. Nyani na tumbili humaliza mahindi mchana kweupe, na mwenye shamba hawezi kushinda juani kila siku. Mbwa aliyetufukuzisha wateja langoni kwa kelele zake alichukuliwa na mgema wa huko, na kelele zile zile ndizo zilizompa kula. Kwa hiyo usimsafishe mbwa kwa maneno. Mseme alivyo, kisha tafuta nyumba inayomfaa hivyo alivyo.

Nije kwenye dini, kwa sababu kwetu huwezi kuzungumza habari za mbwa ukairuka. Mimi nimezaliwa katika nyumba ya Waislamu, na kwa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata Waswahili wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito. Chombo akikilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mamangu aliposikia kazi niliyoipata hakunigombeza. Aliniambia tu nisiingie na nguo za kazini ndani ya nyumba anamoswali. Nikapanga hivi: ovaroli na buti za mpira zinabaki kazini, huko huko nina ndoo ya maji na debe la udongo safi, naoga, navaa nguo za nyumbani, ndipo naondoka. Kijana wa Kiislamu anayetaka kazi hii afanye hivyo tangu siku ya kwanza. Itampunguzia maneno nyumbani, na yeye mwenyewe atakuwa na utulivu wa moyo.

Niliwahi kukaa na mwalimu wangu wa madrasa nikamweleza wasiwasi wangu. Alinikumbusha hadithi ya Mtume iliyomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim, ya mtu aliyeshikwa na kiu njiani, akashuka kisimani akanywa, alipotoka akamkuta mbwa analamba udongo mbichi kwa kiu. Akashuka tena, akajaza maji kwenye khofu yake, yaani kiatu laini cha ngozi, akaishika kwa meno akapanda nayo, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Masahaba walipouliza kama kuna thawabu kwetu kwa kuwatendea wema wanyama, Mtume akajibu kwamba katika kila chenye uhai mna ujira. Mwalimu akaongeza habari ya mbwa wa watu wa pangoni katika Sura ya Al-Kahf, aliyenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. "Usichanganye tohara na chuki," aliniambia. "Tohara ni ya kwako na sala yako. Chuki hukuamrishwa."

Mamangu hakubadili sheria ya nyumba yake, wala sikumtaka abadili. Ila akawa anapotengeneza samaki vichwa na mapezi havitupi, anavitia kwenye mkebe wa rangi uliokwisha, anaufunika kwa kitambaa na kuuweka nje ya mlango nyuma. Nikiamka alfajiri naukuta. Walijitolea kwetu watu kutoka nchi za nje wenye moyo mzuri sana na mbwa, lakini nilikuwa nikisikia vibaya wanapowaambia majirani kwamba watu wa hapa wanachukia mbwa kwa sababu ya dini. Mtu akishaambiwa hivyo anafunga mlango. Muombe vichwa vya samaki, muombe asirushe mawe, muombe kivuli cha ukuta wake wakati wa chanjo, na wengi watakupa.

Hofu nayo ina msingi wake. Kichaa cha mbwa kinaua, na dalili zikishaanza kwa mtu hakuna tiba ya kutegemea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote kwa kuambukizwa na mbwa, na katika kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa nacho, 4 ni watoto chini ya miaka 15. Mzazi anayemvuta mtoto wake mbali na mbwa asiyemjua anafanya jambo la busara. Msimcheke.

Nimeona mtaa mzima ukigeuka baada ya mtoto mmoja kuumwa. Kufikia jioni watu walikuwa wamekwisha kununua sumu ya kuchanganya na nyama. Nilichukua mwenzangu tukaenda kukaa nao barazani, na tulianza kwa kuuliza habari za mtoto kabla ya habari za mbwa. Kidonda kilikuwa kimepakwa mafuta ya taa na kufungwa kitambaa. Tukasema nao palepale: fungua, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, halafu hospitali leo hii, msingoje kesho. Sindano za kinga hutolewa kwa awamu, na kukatisha katikati kwa sababu kidonda kimepona ni kuhatarisha roho ya mtoto. Kuna gharama, na pengine dawa hukosekana ikabidi kutafutwa kwingine. Mtaa ukichangishana mapema ni bora kuliko kuchangia sanda. Mtoto yule alipelekwa usiku ule kwa bodaboda na akamaliza sindano zote.

Baada ya hapo ndipo walipotusikiliza kuhusu sumu. Ukiua mbwa wa mtaa, jalala bado lipo na chakula bado kipo, basi wanaingia wengine kutoka nje ambao hawajachanjwa, na wale uliowaua huenda walikuwa tayari na kinga. Kinachozuia ugonjwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa mahali na kurudia. Kenya ilitoa mpango wake mwaka 2014 wa kumaliza vifo vya kichaa cha mbwa kufikia 2030, na chanjo ya mbwa kwa wingi ndiyo nguzo yake. Sisi tulifanya jambo dogo lililosaidia sana: kila mbwa tuliyemchanja tulimvisha ukanda wa kitambaa chekundu shingoni. Watoto wenyewe wakawa wanahesabu wenye ukanda na kutuonyesha wasio nao. Mbwa yule yule aliyerushiwa mawe jana, leo ana kitambaa, na mama muuza viazi anamwacha alale kando ya meza yake.

Sasa kuna ugonjwa mwingine ambao umewatesa mbwa wetu kuliko unavyostahili, kwa sababu ya jinsi unavyoonekana. Ni saratani ya sehemu za siri. Mbwa huambukizana wanapopandana, au wanaponusana na kulambana, chembe hai za uvimbe zikihama kutoka mwili mmoja kwenda mwingine. Uvimbe hutokeza nje mwekundu, wenye vichuguu kama koliflawa, unadondosha damu na unanuka. Mtaani husema ana ukimwi, au amerogwa. Haumpati binadamu, lakini nani atakaa karibu aliangalie jambo hilo?

Dume mmoja mweusi alikuwa akishinda karibu na soko, watoto wakimfuata kwa mawe, akiacha matone ya damu kila anapokaa. Alipofika kwetu hata baadhi ya wafanyakazi walitaka adungwe sindano ya kumuua bila maumivu. Daktari wa mifugo alimpapasa, akasema tumpe nafasi. Dawa yake ni vinkristini, hutiwa kwenye mshipa mara moja kwa juma, na kwa kawaida majuma manne hadi sita hutosha. Ni lazima atie anayejua, maana ikimwagika nje ya mshipa inaunguza nyama, na anayesafisha mkojo wa mbwa siku zinazofuata avae glavu. Juma la kwanza harufu ilipungua. Juma la pili damu ilikoma. Nilikuwa nikimshika kichwa daktari akitafuta mshipa wa mguu wa mbele, na yeye alikuwa ananitazama usoni moja kwa moja, bila kunguruma, hadi sindano itoke. Dawa hiyo asili yake ni katika lile ua la waridi au jeupe lenye petali tano, lililotoka Bukini, yaani Madagaska, na sasa linaota lenyewe pembezoni mwa nyua zetu na makaburini. Tunalikanyaga kila siku. Lakini msichemshe mmea wenyewe mkampa mnyama, ni sumu.

Alipopona, tulimtembeza kwa makusudi kupitia soko lile lile asubuhi, na ukanda wake mwekundu. Watu walibisha kwamba si yeye. Haikuwa kazi ndogo: dawa, sindano, kumhasi, chakula cha kumnenepesha, vyote vilitokana na mchango, na nyingine mfukoni mwangu nikachelewesha kodi ya nyumba. Wanaoingia kazi hii waweke mpaka wa pesa zao mapema na wauseme wazi, kwa sababu kila mbwa anayeingia ana gharama ya dharura, na mlezi aliyefilisika huacha kazi kwa uchungu.

Nimesema huruma nayo inaweza kudhuru. Malindi ina misimu. Miezi ya wageni, kuna mabaki ya hoteli, kuna mkono wa mgeni unaompa mbwa wa ufukweni soseji, kuna jina jipya na picha. Ikifika masika, kuanzia Aprili, hoteli nyingi hufunga, wageni wameondoka, na mbwa aliyezoea kungoja mlango wa jikoni anangoja mlango uliofungwa. Mwezi Mei ndio tuliopokea wengi, mbavu nje, pamoja na watoto waliozaliwa katika ile shibe. Mgeni aliyelisha alikuwa na nia njema kabisa. Ningemshauri pesa ile ile ya soseji amlipie jike mmoja afungwe kizazi na achanjwe. Mimba ya mbwa ni siku 63 tu, na jike asiyefungwa huzaa tena na tena.

Vivyo hivyo kwa wanaochukua mbwa kwa kumwonea huruma. Ukimsimulia mtu mateso ya mbwa, atalia na atamchukua, lakini alichochukua ni hadithi. Akifika nyumbani mbwa anatafuna viatu, anakojoa kwenye mkeka, na haonyeshi shukrani yoyote, kwa sababu hajui kwamba anatakiwa kushukuru. Ndani ya majuma machache huruma imegeuka kuwa kinyongo. Wale waliodumu na mbwa wao walichukua baada ya kujua anavyokula, anavyoogopa, anavyolala.

Kabla ya kumchukua, njoo umtembelee zaidi ya mara moja, ukiwa na wote mnaoishi nyumba moja. Omba umchukue kwa usiku mmoja au mbili tu. Utafiti wa Gunter na wenzake wa mwaka 2019 uliona kwamba homoni ya msongo hupungua kwa mbwa wa makao hata anapolala nje usiku mmoja au mbili, ingawa akirudi hupanda tena kufikia ilipokuwa. Basi hata kama hutamchukua, umempumzisha, na sisi tunapata habari za kweli za kuongeza kwenye kadi yake. Siku za mwanzo usimwite kila saa, usimkaribishie jamaa wote kuja kumwona. Mpe kona, maji, kamba ndefu kivulini, na sima kwa dagaa au vichwa vya samaki vilivyochemshwa na kutolewa miiba. Mwangalie kupe masikioni na katikati ya vidole kila jioni. Ukiona anahara damu na kutapika, hasa akiwa mdogo, mkimbize kwa daktari saa hiyo hiyo bila kujaribu dawa za dukani.

Ukishindwa naye, mrudishe mwenyewe, mchana, useme kilichotokea. Usimwache njiani wala usimfunge kwenye mti nje ya lango usiku. Mbwa aliyerudishwa na maelezo ya kweli hupata nyumba nyingine haraka kuliko aliyeokotwa na kubuniwa kisa.

Na kadi ya chanjo uitunze mahali usipoipoteza. Mtoto wa mbwa huchanjwa kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya ugonjwa huo, na chanjo za bure mara nyingi hutolewa karibu na siku hizo. Uliza mapema ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe, uje na mbwa amefungwa kamba, asubuhi kabla jua halijawa kali.